Uzoefu wangu: Great Zimbabwe na Mosi-oa-Tunya, na watoto watatu na bibi yao

Kampuni iliyotutembeza ilinitumia fomu ya maoni kesho yake baada ya kurudi, hata mabegi sijayafungua. Fomu yenyewe ina nyota tano za kubofya na kisanduku cha kuandika maneno machache. Nina zaidi ya maneno machache.

Tulikuwa sita: mimi, mume wangu, watoto watatu wa miaka 12, 9 na 4, pamoja na mama mkwe wangu, ambaye magoti yake na ngazi haviivi chungu kimoja. Tulinunua kifurushi cha siku sita nchini Zimbabwe: kushuka uwanja wa ndege Harare, kwenda Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale wa mawe karibu na mji wa Masvingo, kulala Bulawayo, kisha kumalizia kwenye Maporomoko ya Victoria, ndiyo hayo Mosi-oa-Tunya. Sehemu zote mbili kubwa ziko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ya kwanza tangu 1986 na ya pili tangu 1989. Nilipenda kwamba safari moja ingewapa watoto historia na maumbile bila kuvuka mpaka.

Nianze na kero ili nizimalize. Kiti cha mtoto cha gari nilikiomba kwa maandishi mara mbili, nikajibiwa mara mbili kwamba kipo. Hakikuwepo. Dereva, mtu mpole kabisa, alitazama buti kana kwamba kiti kingejitokeza chenyewe, halafu akapiga simu tatu. Tulisubiri saa moja na nusu pale Harare mpaka kikaletwa kingine, cha mtoto mdogo kuliko wangu. Tukakifunga hivyohivyo.

Kero ya pili ni ratiba, na hii ndiyo iliyonipandisha hasira kweli. Great Zimbabwe ilipewa saa mbili. Yaani mnatoka Harare asubuhi, mnakata kilomita zipatazo 300, mnashuka, mnapiga picha, mnarudi garini kuwahi kitanda Bulawayo usiku. Eneo lenyewe lina zaidi ya hekta 700! Tulikataa. Mume wangu alizungumza na ofisi kwa simu, tukalipia wenyewe usiku mmoja wa kulala karibu na magofu, na siku ya kupumzika Bulawayo ikafutwa. Ukinunua kifurushi cha namna hii, usiangalie idadi ya vivutio vilivyoorodheshwa. Uliza kila kimoja kimepewa saa ngapi, na hizo saa zinaanza kuhesabiwa wapi, getini au hotelini.

Sasa Great Zimbabwe yenyewe.

Pale mapokezi tulichukua mwongozaji wa eneo hilo, ambaye hakuwa sehemu ya kifurushi. Alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, hana haraka. Aliongea Kiingereza, nami nikawa namtafsiria mama mkwe na yule mdogo. Mama mkwe alimwita "Ambuya", bibi kwa Kishona, na kuanzia hapo hao wawili wakawa kama wametoka kijiji kimoja. Alipoeleza kwamba jina la mahali pale linatokana na maneno *dzimba dza mabwe*, sikuwahi kutafsiri. Mama mkwe akanitangulia: "Mabwe si ndiyo mawe? Nyumba za mawe." Mwongozaji akacheka, akasema wageni wengi huhitaji kuelezwa hilo mara tatu. Watoto wakaanza mchezo wa kuwinda maneno yanayofanana, na mchezo huo ulidumu mpaka siku ya mwisho.

Asubuhi tulipanda kilimani kabla jua halijawa kali. Kilima kina urefu wa mita 80 hivi kutoka bondeni, na njia ya kale hupita katikati ya majabali, mahali pengine pembamba kiasi kwamba mnapanga mstari mmoja na begi la mgongoni linakwaruza pande zote mbili. Yule wa miaka 9 alitangulia kama mbuzi. Yule wa 12, ambaye safari nzima alikuwa na simu mkononi, aliiweka mfukoni kwa sababu alihitaji mikono yote miwili, na naapa sikumwambia neno. Juu unakuta kuta zimejengwa zikiungana na majabali ya asili bila kuyavunja: ukuta unaishia pale jabali linapoanza, kisha unaendelea upande wa pili. Mwongozaji alituonyesha jinsi graniti ya pale inavyobanduka yenyewe katika tabaka kwa joto la mchana na baridi ya usiku. Wajenzi waliisaidia kwa kuwasha moto juu ya mwamba na kuumwagia maji. Vipande hivyo bapa ndivyo vilivyochongwa na kupangwa kimoja juu ya kingine, pasipo udongo wala chokaa ya kuviunganisha.

Mama mkwe alibaki chini, na hakupata hasara. Boma Kubwa, ambalo Washona huliita Imba Huru, lipo bondeni kwenye ardhi tambarare, na ndilo lenye ukuta maarufu: mzunguko wa mita 250 hivi, mahali pengine urefu wa mita 11, na chini una unene wa mita tano au zaidi. Picha haikuandai. Ndani kuna ujia kati ya kuta mbili ndefu, watu wawili hawapishani vizuri, juu unaona utepe wa mbingu tu. Watoto waliupita mara nne, mara ya mwisho wakiwa wamefumba macho, mkono mmoja ukutani. Mwongozaji aliwaruhusu kugusa, ila si kupanda wala kukalia kuta, kwa sababu jiwe moja likichomoka huteremka na wenzake. Mwisho wa ujia kuna mnara wa mviringo wenye urefu wa mita kama kumi. Yule mdogo aliuzunguka akitafuta mlango. Hauna. Umejaa mawe mpaka ndani, na waliowahi kuuchimba wakitafuta hazina hawakukuta kitu. Hakuna anayejua kwa hakika ulikuwa wa nini, ingawa wapo wanaoufananisha na ghala la nafaka. Mwanangu ana jibu lake: ni mnara wa kujificha wa mtu aliyesahau kuacha mlango.

Makumbusho ya pale ni madogo, na nilidhani tutapita dakika kumi. Tulikaa karibu saa nzima kwa ajili ya ndege. Ni sanamu za mawe laini ya sabuni, ndege wanaofanana na tai, na wanaojulikana ni wanane. Mmoja wao ndiye aliye kwenye bendera ya taifa. Binti yangu aliuliza kwa nini wengine wamevunjika, ndipo tukaingia kwenye hadithi ambayo watu wazima nao waliihitaji: mmoja aliuzwa kwa Cecil Rhodes, tajiri wa Kiingereza aliyeongoza ukoloni wa eneo hilo, mwishoni mwa karne ya 19, na kipande cha chini cha mwingine kilifika Ujerumani, kikarudi mwaka 2003. Karl Mauch, Mjerumani aliyefika magofuni mwaka 1871, alishawishika kwamba yana uhusiano na Malkia wa Sheba, kwa vile hakuamini Waafrika wangeweza kujenga vile. Wanaakiolojia David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walichimba na kuonyesha kwamba ni kazi ya Waafrika, mababu wa Washona, lakini serikali ya walowezi iliendelea kuipenda hadithi ya wageni kwa miongo kadhaa baadaye. "Kwa hiyo walijua na bado wakadanganya?" Kijana wangu aliuliza hivyo, simu ikiwa bado mfukoni.

Kilichonigusa mimi zaidi ni sarafu. Katika magofu yale ilipatikana sarafu ya shaba ya Kilwa, yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, yule aliyejenga kasri la Husuni Kubwa. Vyombo vya kauri kutoka China na Uajemi navyo vimepatikana. Dhahabu ilishuka kutoka nyanda hizi hadi bandari ya Sofala, ikapanda pwani hadi Kilwa, na njia hiyohiyo ikarudisha shanga na vyombo. Nilikuwa nimesoma hayo zamani yakanipita. Pale, huku mama mkwe amekaa kwenye kivuli akisema "basi kumbe tulikuwa jirani", yakakaa.

Kwa huyo mwongozaji peke yake natoa nyota tano. Zisiende kwa kampuni.

Barabara ya Masvingo hadi Bulawayo ni kilomita kama 280, na Bulawayo hadi maporomoko ni nyingine 440. Ni mbali. Kwa mtoto wa miaka minne ni mbali mno, na ukiwa na uwezo wa kupanda ndege kipande cha pili, fanya hivyo. Kuna magofu mengine, Khami, nje kidogo ya Bulawayo, nayo yako kwenye orodha ya UNESCO. Sisi tuliyapita kwa sababu ya ile siku tuliyoifuta. Najutia kidogo.

Maporomoko tuliyasikia kabla ya kuyaona, na kabla ya hapo tuliona wingu limesimama peke yake kwenye anga safi. Mdogo akasema, "Moshi!" Nilikuwa nimemhifadhia jina la wenyeji, Mosi-oa-Tunya, kama zawadi ya mwisho ya mchezo wetu wa maneno, yaani moshi unaonguruma, na yeye akalifikia bila msaada wangu. David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mskoti, aliyaona Novemba 1855 akayapa jina la malkia wake. Sanamu yake ipo pale ndani. Watoto waliitisha kura ya wote sita garini na Mosi-oa-Tunya ikashinda tano kwa moja. Hiyo moja ni ya baba yao, anayependa kubisha.

Hapa ndipo kuna jambo ambalo kampuni ilipaswa kutueleza na haikutueleza. Picha kwenye tangazo lao inaonyesha ukuta wote wa maji, mwamba mweusi, upinde wa mvua, kila kitu wazi. Picha hiyo haikupigwa Aprili, na sisi tulikwenda Aprili. Mvua zinazonyesha Angola na Zambia huchukua wiki nyingi kushuka na Zambezi, kwa hiyo mto hujaa kati ya Machi na Mei, na maporomoko, yenye upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108, hurusha manyunyu juu sana kiasi kwamba katikati huoni chochote. Unasimama mbele ya moja ya maajabu ya dunia na unaona weupe. Oktoba na Novemba ni kinyume: unaona vizuri, lakini maji ni machache, na sehemu kubwa ya upande wa Zambia hubaki mwamba mtupu. Hakuna mwezi mbaya, ila kila mwezi una maporomoko yake, na mzazi anastahili kuchagua akijua.

Tulikodi makoti ya mvua getini. Yanasaidia mabega. Viatu, suruali na simu ya mume wangu vililoa kabisa, na simu haijafufuka mpaka leo. Beba mfuko wa plastiki unaofungika vizuri na nguo za kubadilisha, uziache garini. Na mikoba ifungwe: nyani wa pale maegeshoni wanajua zipu ni nini. Mmoja alichukua mfuko wetu wa vitafunwa kutoka mkononi mwa binti yangu bila pupa yoyote, kama mtu anayepokea chake.

Jambo la usalama nalisema bila utani. Si kila mahali pa kutazamia pana uzio wa maana. Kule mwishoni, kwenye ncha inayotazama korongo na daraja la mwaka 1905, mwamba ni mtupu, umeloa na unateleza, na hakuna cha kukuzuia. Mdogo nilimfunga mgongoni kwa mbeleko, mzima wa miaka minne, akilalamika kwamba yeye si mtoto. Kampuni ilituandikia kwamba "njia zote zinafaa kwa familia". Njia zinafaa, ndiyo, na mama mkwe alitembea sehemu kubwa kwa sababu ni tambarare na zina mabenchi. Kingo ni habari nyingine.

Sehemu iliyotulipa ni upande wa magharibi, karibu na sanamu ya Livingstone, ambapo manyunyu hupungua na maji unayaona yakiingia korongoni kwa ukaribu wa kutisha. Mama mkwe alikaa benchi pale zaidi ya nusu saa, koti la mvua limefunika mtandio, hakusema kitu. Nilidhani amechoka. Nilipomuuliza kama turudi garini akaniambia, "Nyie tangulieni."

Usiku wa mwezi mpevu hifadhi hufunguliwa watu waone upinde wa mvua wa mbalamwezi. Tuliondoka siku nne kabla ya mwezi kujaa. Tarehe zilipangwa na kampuni, sisi tulisema tarehe yoyote ya likizo ni sawa, na hakuna aliyefungua kalenda. Kosa hilo tunagawana.

Kwenye fomu nimebofya nyota tatu: dereva alistahili nne na nusu, ofisi moja. Chini kuna swali: "Ungependa tuongeze nini kwenye huduma yetu?" Nimeandika: kiti cha mtoto, saa nne zaidi Great Zimbabwe, na kalenda ya mwezi.