Hendo za toroli za kutengenezwa na gesi, hizi nimezikubali

Za fundi wa kwanza zilikuwa zinabonyea pale plastiki ni nene, zingine zimepinda kabisa, wateja wananirudishia. Saa hii nachukua kwa kiwanda kimoja huku Industrial Area, wanapiga gesi ya naitrojeni ndani ya moldi (kile kifaa cha chuma kinachopea plastiki umbo) plastiki ikiwa bado moto, inaisukuma ishike kuta vizuri na katikati kunabaki uwazi. Nilikata moja na msumeno nikaona shimo safi kama paipu! Nyepesi, uso laini, plastiki inaenda kidogo na inapoa haraka. Moldi na mashine ndo gharama, kama unataka vipande vichache haikulipi aki. Uliza mapema gesi itaingilia wapi, zangu waliweka chini, hakaonekani hako katundu gesi inaacha ikiingia.