Simu ya mkopo: imenifungia katikati ya test

Mambo ya kamera na betri tafuteni wenyewe. Mimi nina neno moja tu na hawa watu wa simu za mkopo: kufungiwa.

Sina laptop. Vitini, asaimenti, Moodle (mfumo wa chuo wa masomo mtandaoni), grupu la WhatsApp ambako CR, kiongozi wa darasa, anatupia kila kitu, vyote vimo humo kwenye simu. Siku hiyo tulikuwa na test ya mtandaoni, dakika 40, hakuna kurudia. Rejesho la siku nilishalilipa tangu usiku. Nipo katikati ya maswali, kioo kikawa cheupe pee: simu imefungwa, lipia ili uendelee. Na saa ya Moodle haimsubiri mtu. Muda ukiisha inakusanya ulichojaza, basi.

Nikakwapua simu ya rumeti, nikapiga huduma kwa wateja. Muziki weee, hatimaye akapokea dada mmoja.

"Kaka, huku inasoma unadaiwa."

Nimelipa dada yangu, meseji ya muamala ninayo.

"Basi ipige skrinishoti ututumie."

Meseji iko ndani ya simu mliyoifunga!

Kimya. Halafu, kwa sauti tamu kabisa: "Kaka, simu siyo yako mpaka umalize deni. Subiri mfumo usome." Mfumo ulisoma jioni.

Haya, tusiwaonee. Boom lenyewe, hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, ni shilingi 10,000 kwa siku, humo humo ule, humo humo ulale. Nani ana hela ya kununua smartphone kwa mkupuo? Hawa walichukua kianzio kidogo na namba ya NIDA, nikatoka na simu mpya siku ileile. Bila wao ningekuwa bado nasoma slaidi kwa kuazima. Kwa hiyo nilikuwa nawapa nyota tatu, kwa moyo mweupe.

Mpaka juzi, wakanitumia ujumbe: ndugu mteja, wewe ni mlipaji mzuri, unastahili mkopo wa simu kubwa zaidi. Mlipaji mzuri! Siku ya test nilikuwa nani? Nyota moja, na hiyo ni ya rumeti.

Mkichukua hata hivyo, na najua mtachukua, marejesho yalipieni kwa laini iliyo kwenye kitochi, meseji ya muamala ikae wasikofika. Mimi changu nimeshanunua. Kwa keshi.