PET-CT ya kusaka chimbuko la saratani: uzoefu wangu Nairobi

Sampuli ya tezi shingoni ilionyesha saratani iliyotoka kwingine, na skani ya kawaida ya CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) haikuona chimbuko. Hapo ndipo inapofaa PET-CT, skani inayounganisha CT na picha ya dawa yenye mnururisho. Mashine hizi ni chache mjini. Aga Khan kule Parklands wanayo, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta pia.

Dawa yenyewe, inayodungwa kabla ya picha, ni sukari iliyofungwa florini-18, aina ya florini yenye mnururisho. Saratani nyingi hula sukari kwa pupa, hivyo hung'aa kwenye picha. Nguvu ya dawa hupungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo usiache foleni ya Thika Road ikucheleweshe.

Matayarisho ndiyo nusu ya kazi. Kwa muda wa saa 6 kabla ya skani, maji matupu tu. Chai na peremende hapana. Mazoezi na mizigo mizito uache tangu jana yake. Wanachoma kidole kupima sukari ya damu. Ikipita 11 mmol/L, mara nyingi utaambiwa urudi siku nyingine. Mwenye kisukari aulize mapema kuhusu metformin, dawa ya kisukari, maana hung'arisha matumbo kwenye picha.

Baada ya sindano unatulia kama saa nzima bila kuongea wala kutafuna. Hili wengi hulipuuza, ilhali misuli ya taya na koo ikifanya kazi hung'aa mahali palepale tunapopatafuta. Baridi nayo huwasha mafuta ya kahawia (mafuta ya mwili yanayozalisha joto) shingoni na mabegani, nayo hung'aa. Julai beba blanketi, ujifunike tangu nyumbani.

Kilichonikera ni kliniki moja kutaka kunikata vinyama kooni kabla ya skani. Kidonda kibichi hung'aa kama saratani! Nilikataa, na skani ikaonyesha kidoa kidogo kwenye shina la ulimi, upande wa kulia. Sampuli ikachukuliwa palepale, ikathibitisha.

Lazima ithibitishwe, kwa sababu TB pia hung'aa, na huku kwetu TB ni nyingi. Tena skani haioni yote: chimbuko hupatikana kwa takriban wagonjwa 4 katika 10. Saratani nyingi za tezi dume, na baadhi za figo na ini, hazili sukari hii sana.

Ukitoka, kunywa maji mengi, kojoa mara kwa mara, na usipakate mtoto kwa saa chache. Dai picha zenyewe kwenye CD, si ripoti peke yake; daktari wa upasuaji atazihitaji.