Fundi wa majina ya jezi Kariakoo: nyota nne, ya tano nimebaki nayo

Kabatini kwangu kuna jezi tatu nyekundu za Simba zenye majina ya wachezaji walioondoka. Ya Miquissone, aliyeuzwa Al Ahly ya Misri Agosti 2021. Ya Chama, namba 17, aliyemaliza mkataba katikati ya 2024 akaenda Yanga. Na ya Tshabalala, namba 15, nahodha wetu, aliyetoka Kagera Sugar mwaka 2014, akakaa miaka 11, mkataba ukaisha 2025, naye akavuka kulekule. Hiyo ya tatu sijaivaa tena, wala sijapata moyo wa kuifanya dekio.

Kwa hiyo nikiulizwa kwa nini napanda daladala kutoka Tabata mpaka Kariakoo kuprinti jina, wakati vijana wa pale kituoni wanaprinti hiyohiyo, tena kwa bei ya chini, jibu langu ni moja: daftari.

Kibanda chenyewe kipo kwenye kichochoro, hatua chache kutoka Mtaa wa Kongo. Hakina bango. Ukifika kwa wauza mabegi ulizia fundi wa majina, utaonyeshwa kwa kidevu. Ndani mnaenea watu wawili na nusu. Kuna mashine ya joto ya kubania jezi, kompyuta yenye kioo kilichopasuka pembeni, mashine ndogo ya kukatia stika, na feni inayompuliza fundi peke yake. Mteja unasimama nje, na mikokoteni inakupitia mgongoni.

Juu ya meza kuna kauntabuku lililofungwa kwa mpira wa manati. Ukitaja jina la mchezaji, kabla hata hajakuuliza saizi, fundi analifungua. Kushoto majina, kulia miaka. Klabu ikitangaza fulani amesaini miaka miwili, anaandika. Ikitangaza tu "ameongeza mkataba" bila kusema mpaka lini, anaweka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu. Wa Simba wana kurasa zao, wa Yanga zao, Azam na Singida wamebanana nyuma. Mwenye alama ya kuuliza atakuprintia, hakatai hela, lakini kwanza atakuonya: "Dada, huyu anaingia mwaka wa mwisho. Akibakiza miezi sita anaongea na yeyote." Na hajatunga. Kanuni za FIFA ndivyo zilivyo: mkataba ukibakiza miezi sita, mchezaji ana ruhusa ya kusaini na klabu nyingine, na ukiisha anaondoka bila klabu yake kuambulia senti.

Kwa maelezo hayo alinizuia Juni 2024. Simba ilikuwa imemtambulisha Lameck Lawi, yule beki kijana wa Coastal Union, picha na mbwembwe zote. Nilifika asubuhi na jezi yangu kwenye mfuko wa nailoni, nataka LAWI mgongoni. Fundi akafungua daftari, akalifunga. "Huyu sijamwandika. Subiri." Nikamwona ana roho ya kwanini, maana nimesahau kusema: fundi ni Yanga. Damu. Nikaondoka nimenuna. Siku si nyingi Coastal wakatoka hadharani kwamba masharti ya malipo hayakutimizwa na biashara imevunjika, ukawa mvutano, kijana akabaki Coastal. Elfu kumi yangu ikabaki mfukoni.

Tangu siku hiyo namwamini kuliko akaunti za klabu. Akaunti ya klabu kazi yake ni kutupandisha presha. Saa sita usiku wanaweka kivuli cha mtu asiye na sura, tunakaa macho tukihesabu vidole kwenye picha, kesho yake tunaletewa mtu ameshika jezi anacheka. Mkataba wa muda gani? Kimya. Ana kipengele cha kuondoka? Kimya. Halafu siku ya kumwacha wanakuwekea bango la "Thank You", na hapo ndipo unajua alikuwa amesaini mwaka mmoja tu.

Niseme na mimi ni nani, ili mjue naongea kutoka wapi. Mimi ni keshia kwenye chuo kimoja binafsi. Nafanya kazi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na unaisha kila tarehe 30 Juni, msimu uleule wa mabango ya Thank You. Ikifika Mei nawahi kazini kuliko mlinzi. Nikiitwa ofisini nanawa uso kwanza. Kwa hiyo watu wanapomtukana mchezaji kwamba hana mapenzi na timu, mimi huwa natazama chini. Mwajiri anayekupa mwaka mmoja ajue kwamba kufikia mwezi wa saba wa mkataba huo una wasifu wako kwenye simu, umeshauandaa, unasubiri mtu auombe.

Tshabalala alikuwa wa kuongezewa mapema, mkataba ukiwa bado na mwaka mzima mbele. Hilo ndilo lalamiko langu lote kuhusu namna tunavyojenga kikosi. Nahodha hafikishwi ukingoni. Ukimfikisha, bei anapanga yeye na wakala wake, na jirani yupo dirishani anasikiliza. Chama tulishajifunza kwake mwaka mmoja tu nyuma, tukarudia.

Hapa lazima niwape Yanga haki yao, fundi akisoma hii asijisikie sana. Mshambuliaji wao Mayele walimuuza Pyramids ya Misri mwaka 2023 akiwa bado na mkataba, ametoka kufunga mabao saba kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, bei iko juu. Hela ikaingia, kijana akaenda kuchukua Ligi ya Mabingwa 2025 na Waarabu wake, kila mtu kafurahi. Sisi nasi 2021 tuliuza hivyohivyo, Chama akaenda Berkane ya Morocco na Miquissone akaenda Misri, dirisha moja la usajili. Tatizo letu lilikuwa kwamba tuliuza miguu miwili pamoja bila kuwa na wa kuvaa viatu, na msimu uliofuata Yanga wakabeba ubingwa bila kupoteza mechi. Kuuza sikatai. Uza mmoja, mwingine mfiche chumbani.

Nilimwambia fundi hayo siku aliyokuwa ananing'olea jina la Chama. Huduma hiyo nayo anaitoa, na ndiyo iliyonifanya niandike. Wengi wanaokuja Julai hawaji kuweka jina, wanakuja kutoa. Bei elfu tano. Anaibana jezi kwenye mashine sekunde chache tu, anaifungua, anawahi herufi ikiwa bado ya moto. Anaanza pembeni na kibanio kama cha kutolea nyusi, anainua ncha ya C, halafu anavuta taratibu kwa kulala, asivute kwenda juu. Ikivutwa juu inaondoka na uzi wa jezi. H ilikatika katikati, akarudia kuipasha. Mabaki ya gundi anayafuta kwa kitambaa chenye kimiminika kinachonuka kama rangi ya kucha. Dakika ishirini hivi, huku anaongea.

Akamaliza, akaitandaza juani. Chama bado yupo. Jezi yangu imefuliwa msimu mzima, nyekundu imepauka, lakini pale palipofunikwa na herufi rangi imebaki kama siku ya kwanza. Kwa hiyo sasa jina linasomeka kwa wekundu uliokolea, na 17 chini yake, kubwa kuliko zamani nadhani. Fundi akashika kiuno. "Hiyo haitoki, dada. Hiyo mpaka jezi yote ipauke." Elfu tano alichukua yote. Hapo ndipo nyota ya tano ilipopotelea, maana angenionyesha mfano kabla hajaanza. Ningejua, ningemwachia Chama herufi zake nyeupe.

Dosari nyingine ndogondogo. Kuelekea Simba Day na Wiki ya Mwananchi, zile sherehe za klabu hizi mbili kabla ya msimu, usiende. Foleni inafika kwa wauza mabegi, na fundi akichoka anakosea. Jirani yangu aliandikiwa AHUOA badala ya AHOUA, na huyo ni mfungaji bora wa ligi msimu wa 2024/25, mabao 16, si mtu wa kukosewa. Aliandikiwa upya bila kulipa tena, lakini alipanda daladala mara mbili. Nenda Jumatano asubuhi. Jezi iwe imefuliwa na imekauka kabisa, na usitie ile sabuni ya kulainisha nguo, stika haishiki. Namba mwambie aishushe kidogo, ana tabia ya kuibandika karibu na shingo, ukivaa mkoba inajikunja. Anapokea kwa simu, chenji ya noti ya elfu kumi hana kamwe.

Turudi kwenye daftari. Nilimuuliza alianza lini kuandika mikataba ya watu. Alikaa kimya, akasogeza feni, akasema tangu Fei Toto, yaani Feisal Salum, aliyekuwa kiungo wa Yanga.

Mnakumbuka. Desemba 2022 Feisal aliamua kuununua mkataba wake mwenyewe, akaweka hela kwenye akaunti ya klabu, akaaga. TFF, shirikisho la soka nchini, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita kijana hachezi, nchi nzima imekuwa wanasheria, mpaka wanaouza urojo walikuwa na maoni kuhusu kifungu cha kuvunja mkataba. Juni 2023 Rais Samia aliwaalika Yanga Ikulu baada ya ile fainali ya Shirikisho, akawaomba walimalize, na siku chache baadaye Azam wakamnunua. Msimu uliofuata akafunga mabao 19, akazidiwa na Aziz Ki wa Yanga tu aliyekuwa na 21.

Fundi anasema kipindi kile aliletewa jezi za FEI TOTO zaidi ya hamsini kung'oa, halafu watu wale wale wakazirudisha kuandikwa tena waliposikia TFF imewapa Yanga ushindi, halafu wakaja tena kung'oa. "Nilipata hela mpaka nikaona aibu." Baadhi ya jezi zilitoboka. Ndipo akanunua kauntabuku.

Nikamuuliza kwa upande wake nani alikuwa na haki. Nilitegemea lugha ya Kiyanga. Akasema mkataba si pango, huwezi kurudisha ufunguo na kodi ya mwezi ukasema tumemalizana. Lakini na mwenye nyumba naye akiona mpangaji ameanza kufunga magodoro, amwite waongee, asingoje ya kuandikiana barua. Nimekaa na wachambuzi wa redioni mwaka mzima sijasikia maelezo mafupi hivyo.

Nakubaliana naye nusu. Kwa mchezaji wa miaka 24 dirisha la kupata mshahara wa maana ni jembamba. Goti likienda, limekwenda. Mimi keshia nikivunjika mguu nitahesabu hela nimekaa. Ndiyo maana naona klabu zetu zikitaka watu wasitoroke, ziandike miaka mitatu kwa vijana, ziweke bei ya kuondokea waziwazi, na zipandishe mshahara mtu akiwa bado anacheka, si akishaanza kusafiri bila ruhusa. Usajili wetu wa 2024 ulikaribia hapo: tuliacha wakongwe wengi mara moja, tukaleta vijana akina Ahoua, Mukwala, Mutale, Okejepha, na ndani ya msimu mmoja tukafika fainali ya Shirikisho na Berkane. Ligi tulikosa, ndiyo, tulifungwa 2-0 na Yanga siku ya mwisho. Lakini kikosi kilikuwa na umri mdogo. Basi tusikianze upya kila Julai kama tunahama nyumba. Nafasi za wachezaji wa kigeni msimu huo zilikuwa 12. Ukizipindua zote kila mwaka, unajikuta na wakalimani wengi kuliko mabeki.

Safari hii, Septemba 2025, nilikwenda na jezi mpya, mgongo mtupu. Fundi akafungua daftari akanisomea wenye usalama. Akanishauri Kapombe, beki wetu: yupo tangu 2017, hana maneno mengi. Nikafikiria. Nikamwambia hapana, andika KESHIA, namba 30.

"Nani huyo?"

"Mimi."

Akachukua kalamu, akatafuta ukurasa wa Simba wenye nafasi chini. "Mkataba wako mpaka lini?"

"Thelathini Juni."

Akaandika. Kisha akabadilisha kalamu, akaweka alama ya kuuliza nyekundu, akanipunguzia elfu mbili.