Mzinga wa PhET kwa maswali ya projektaili: unafaa, lakini daftari lianze

Mwanafunzi wa skuli zetu, Unguja au Pemba, akikwama kwenye projektaili, yaani mwendo wa kitu kilichorushwa, mara nyingi hesabu siyo inayomshinda. Hajaona bado kwamba kitu kilichorushwa kina miendo miwili, wa mlalo na wa wima, na kinachoiunganisha ni muda tu. Hilo simulesheni ya PhET, jaribio la kuigiza kwenye kompyuta ambamo mzinga unarusha vitu, inalionesha vizuri kuliko ubao. PhET ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa na Carl Wieman mwaka 2002, na kuitumia ni bure.

Washa mishale ya velositi (kasi pamoja na mwelekeo wake) iliyogawanywa mlalo na wima, weka mwendo wa polepole, fyatua. Mshale wa mlalo haubadiliki urefu. Wa wima unafupika hadi kileleni, kisha unageukia chini. Mshale wa mchapuko, yaani jinsi velositi inavyobadilika kwa muda, unatazama chini muda wote, hata kileleni, pale ambapo wanafunzi wengi huandika sifuri.

Anza na makachu ya Forodhani, vijana wanaoruka baharini kutoka ukutani. Chagua binadamu, kimo mita 3, pembe 0, kasi 5 m/s. Daftarini: 3 = ½ × 9.81 × t², hivyo t = 0.78 s, na umbali ni 5 × 0.78 = 3.9 m. Fyatua, kisha soma kwa kipimo cha muda, umbali na kimo. Sasa ongeza kasi iwe 10 m/s: muda haubadiliki, umbali ndio unaokuwa maradufu.

Thamani yake kubwa ni kuumbua fomula iliyokaririwa. Rusha kwa 20 m/s, pembe 30°, kutoka ardhini: umbali ni 35.3 m, sawa na u² sin 2θ ÷ g, ambapo u ni kasi ya kurushia, θ pembe, na g mchapuko wa mvutano wa dunia. Pandisha mzinga mita 10. Anayeng'ang'ania fomula ile atajibu tena 35.3, mzinga utampa 48.0. Fomula inadai kitu kitue kwenye usawa kiliporushwa. Hapa lazima urudi kwenye −10 = 10t − 4.905t², upate t = 2.77 s, uzidishe na 17.32; hapo 10 ni kasi ya wima mwanzoni, 17.32 ya mlalo. Na ile 45° inayosifiwa kwa kufika mbali? Kwa kimo hiki 40° inaishinda: 49.8 m dhidi ya 49.1.

Jibu lako likipishana na la mzinga, angalia kwanza kalkuleta. Kasi ya wima ikitoka −19.8 badala ya 10, imewekwa kwenye rediani badala ya digrii. Kisha hakikisha ukinzani wa hewa umezimwa. Tofauti ndogo huenda imetokana na g: mzinga unatumia 9.81, maswali mengi 9.8 au 10. Sehemu ya maabara inakuruhusu kuibadilisha.

Kasoro yake ni kwamba inatoa jibu bila njia. Haioneshi milinganyo wala alama ya kutoa, na alama za mtihani ziko humo. Maswali ya kurusha kwenye mteremko nayo hayamo. Kwa hiyo mwalimu adai hesabu daftarini kabla ya mtu yeyote kufyatua.

Bando lisiwe kikwazo: pakua faili mara moja, ligawe kwa fleshi, nalo hufunguka kwenye brauza bila intaneti. Simu inatosha ukiilaza, ingawa vitufe hubanana. Kwa darasa zima tafuta kompyuta na projekta.