Seti ya kafe resa ya mtandaoni kwenye Honda CG125 kongwe: kipi cha kufunga, kipi cha kuacha kwenye boksi

Kafe resa ni pikipiki ya kawaida iliyovuliwa vya ziada na kushushwa usukani ipate umbo la mbio. Nianze na hukumu, mwenye haraka asisumbuke kusoma hadi chini. Seti ina vitu vitano: usukani wa vipande viwili, siti ya nundu, taa ya mbele ya duara, filta ya koni, na saitimira za kufunga kwenye ncha za usukani. Taa ni nzuri. Usukani na siti vinafaa, ila lazima vipite kwa fundi kwanza. Filta na saitimira ni pambo la picha. Nimelipa shilingi 285,000 pamoja na nauli ya basi kutoka Dar es Salaam hadi stendi ya Mkanaledi, na kwa hela hiyo natoa nyota tatu kati ya tano. Muuzaji simtaji. Alileta alichoahidi, isipokuwa swali moja ambalo hakulijibu, na swali lenyewe nitalifikia.

Mimi ni fundi friji hapa Mtwara, Chikongola. Pikipiki ni Honda CG125 ya matoleo ya mwanzo, ya platini (swichi ya zamani ya kutoa cheche) na umeme wa volti 6, niliyoinunua kwa bwana shamba mstaafu wa Newala. Ilikuwa imelala kwenye banda la korosho, kuku wanatagia juu ya siti. Kazi yote nimeifanyia uani, jioni na Jumapili, kwa grenda, msasa na mashine ya kuchomelea ya kuazima. Rangi nimepuliza kwa kompresa ya friji bovu. Pumzi yake ni ndogo, lakini kwa tangi na vifuniko viwili vya ubavuni inatosha kabisa, mradi umeweka chupa ya kunasa mafuta njiani, la sivyo rangi inatoka na vidoadoa kama ndui.

Vijana wa kijiweni waliniuliza kwa nini nisitafute pikipiki kubwa. Hawa mabwana wanaendesha CG kila siku na hawajui. Honda waliitoa CG125 miaka ya 1970, na shabaha ilikuwa nchi kama zetu: mzigo mzito, barabara mbovu, mwenye chombo asiyebadilisha oili mpaka injini ilie. Ndiyo maana valvu zake zinasukumwa na vijiti, haina mnyororo wa ndani wa kuendesha valvu, ule unaolegea, na cheni ya nyuma ilitoka kiwandani imefunikwa mfuniko mzima. Wachina wakainakili injini ile, na boda nyingi za Kichina zinazopita hapa barabarani zimebeba nakala hiyo. Nilipofungua bloku nikakuta ringi zimekwisha, sikuagiza chochote nje. Nilivuka barabara. Kijana wa duka la spea akaweka kalipa ya kupimia kwenye pistoni yangu, ikasoma milimita 56.5, akageuka kwenye rafu yake ya spea za boda bila hata kuniuliza pikipiki ya aina gani.

Kwa hiyo injini si tatizo. Tatizo ni kuifanya farasi huyu wa mizigo akae mkao wa mbio.

Mtindo wenyewe ni wa Uingereza, wa miaka ya 1950 na 1960. Vijana wa London walikuwa wanakutana kwenye mikahawa kama Ace Cafe, pale barabara ya North Circular, wanavua kwenye pikipiki kila kisichosaidia kukimbia, wanashusha usukani, wanarudisha miguu nyuma, wanalala juu ya tangi wakitafuta maili 100 kwa saa. Hiyo ni kama kilomita 160. CG yangu haiifikii hata ikitupwa kwenye mteremko wa kuingia Mikindani. Nalisema mapema ili asije mtu akanilaumu. Ninachokitafuta mimi ni umbo na mkao.

Sasa usukani, maana ndipo hela na shingo yako vilipo. Usukani huu hauna bomba moja la kupita juu. Ni vishikio viwili, kila kimoja na kibano chake, kila kimoja kinabana bomba la shokapu ya mbele upande wake. Chuma chake ni kizuri, nimekipiga nyundo na kukifunga kwenye jiriwa, hakikupinda. Swali nililomuuliza muuzaji ni hili: kibano ni cha bomba la unene gani? Akanijibu "inaingia pikipiki zote, kaka." Haiingii pikipiki zote. Zinazouzwa sana ni za milimita 33, 35, 37 na 41, na shokapu za CG ni nyembamba kuliko hizo. Changu kilikuja cha 35, kikawa kinacheza kwenye bomba kama bangili.

Dawa ni bushi, yaani bomba fupi la kujaza nafasi kati ya kibano na shokapu. Nilimpelekea fundi wa kukereza vyuma karibu na Soko Kuu, mzee mwenye mashine ambayo nadhani ina umri wa bandari yetu. Hakutaka hadithi. Alipima bomba, akapima kibano, akanitazama juu ya miwani.

"Nikikukerezea duara zima, mwanangu, utaanguka nayo."

"Kwa nini, mzee?"

"Kibano kitabana bushi, bushi haitabana bomba. Lazima niichane."

Akaichana kwa msumeno mwembamba, mwanya mmoja kutoka juu hadi chini, na akanionyesha kwamba mwanya wa bushi unapaswa kutazama mwanya wa kibano. Ukikaza boliti, vyote viwili vinafumba pamoja na kung'ata bomba. Bushi mbili za alumini, shilingi 30,000. Nilifunga, nikaligandamiza gurudumu la mbele kati ya magoti na kusokota vishikio kwa nguvu zangu zote. Havikutoa hata mkwaruzo. Mzee yule nampa nyota tano na hana habari kwamba kuna nyota.

Jambo la pili la usukani, na hili hata picha za muuzaji zinalificha: kata kona mpaka mwisho ukiwa umesimama. Vidole vyako vinabanwa kati ya kishikio na tangi. Barabarani huoni shida, lakini ingia vichochoro vya Mikindani, geuza pikipiki mbele ya mlango wa mtu, utapiga kelele. Nilichomelea vipande vidogo vya chuma kwenye vizuizi vya usukani ili ukomee mapema kidogo. Sasa kona inakuwa pana, kugeuza inabidi kurudi nyuma na kwenda mbele kama gari, lakini vidole ni vyangu.

Siti. Ganda lake ni la faiba, nundu yake ni nzuri, ngozi ya juu ni ya hovyo. Sponji ni laini kupita kiasi, ukikaa unagusa faiba. Nililipeleka kwa fundi makochi wa Magomeni, akabandua vyote, akaweka sponji ngumu tabaka mbili na kushona ngozi nyeusi kwa mistari ya kusimama. Aliimaliza, akaizungusha mkononi, akauliza kwa upole: "Mjomba, hii ni ya mtu mmoja. Shangazi atakaa wapi?" Sikuwa na jibu na bado sina. Kama pikipiki yako ndiyo ya kumpeleka mama watoto hospitali ya Ligula akiumwa, au ya kubeba gunia la ming'oko, viazi vya porini, kutoka kwa mkwe, hii seti si yako. Funga moyo, nunua tairi jipya.

Ganda halikai juu ya fremu ya CG kama ilivyo, kwa sababu fremu ile nyuma imetengenezwa kwa siti ndefu na keria. Inabidi ukate, kisha uchomelee bomba lililokunjwa kufuata umbo la nundu. Bomba ukilikunja tupu linabonyea. Jaza mchanga, ziba ncha mbili, pasha moto, kunja taratibu. Mchanga tunao, Shangani yote ni mchanga, lakini uukaange kwanza kwenye kikaango mpaka ukauke kabisa. Ukiwa na unyevu, mvuke hauna pa kutokea na unaweza kufyatua kizibo usoni kwako. Kabla ya kuchomelea moja kwa moja, vua springi za shokapu za nyuma na uinue gurudumu mpaka liishie. Likigusa bomba hapo, litagusa siku utakayoingia kwenye shimo.

Taa sina mengi. Ganda la chuma, kioo safi, mkanda wa mpira wa kuzuia maji, imefungika vizuri. Globu iliyokuja nayo ni ya volti 12, haina kazi kwenye umeme wa volti 6. Ya volti 6 niliipata kwenye duka kongwe Masasi. Mwenye CG ya volti 12 hatakuwa na shida hiyo.

Filta ya koni iacheni. Najua inapendeza, najua ukiondoa boksi la filta katikati ya fremu panabaki wazi na pikipiki inaonekana imekonda. Ila injini inaanza kuvuta hewa nyingi kuliko petroli. Nilifungua plagi nikaikuta nyeupe badala ya kahawia, maana yake inaungua kavu na kupata joto. Unaweza kuweka jeti kubwa (kitundu cha kupitishia petroli) kwenye kabureta, na nilifanya hivyo, plagi ikarudi rangi yake. Vumbi je? Kitambaa cha filta hii ukikielekeza kwenye jua unaona mwanga. Kwa lami ya kwenda Mikindani, kama kilomita 10 hivi, sawa. Kwa vumbi jekundu la kupanda Newala, unasaga pistoni yako mwenyewe. Nimerudisha boksi la zamani na jeti yake ya zamani, na nimelipaka nyeusi lisionekane.

Tangi halikuwa kwenye seti lakini wengi wataliuliza, kwa sababu hewa ya chumvi ya hapa hailiachi tangi salama. Ndani lilikuwa kutu tupu. Siki, nati ndogondogo kiganja kimoja, kutikisa, kulaza usiku mzima, kumwaga, kisha maji ya magadi ya kuua ukali wa siki, kisha kulikausha upesi na kulizungushia oili ndani siku hiyo hiyo. Ukiliacha mpaka kesho limeshaanza upya.

Mkao wenyewe? Mikono inabeba kifua, na baada ya nusu saa viganja vinakufa ganzi. Nikitoka asubuhi kabla ya jua kali, upepo wa bahari ubavuni, nakubali bei hiyo. Kwenda Masasi nachukua basi.

Kuhusu askari wa barabarani: kadi ya pikipiki ina sehemu ya rangi. Ukipaka nyingine, pita TRA kwanza kabla hujaanza kujitanua mjini. Na indiketa usizivue. Najua wale wa London walivua kila kitu, hawakuwa wanapita mbele ya stendi saa kumi na mbili jioni katikati ya bajaji.

Zimebaki saitimira: injini ikizunguka zinatetemeka mpaka lori la nyuma linaonekana malori mawili. Pia zimetoka nje ya vishikio, zinagonga kila mlango. Nimezivua na kufunga za boda, za shilingi 8,000, zinaonyesha lori moja. Zile za seti ziko kwenye boksi lake, hazina mkwaruzo. Anayezitaka kwa ajili ya picha apite Chikongola na elfu kumi, na filta ya koni nampa bure.