Sauti nzuri ya MIDI nyumbani: hela iende wapi kwanza

Walimu wengi wa kwaya hapa Dodoma wanapakua nota za nyimbo mtandaoni, na mara nyingi nota hizo huja na faili la MIDI. Ukilifungua kwenye Windows unasikia sauti nyembamba kama ya kinanda cha kuchezea watoto, kisha unaanza kuulizia bei ya kompyuta nyingine. Subiri kwanza. Faili la MIDI halina sauti ndani yake. Lina maagizo tu: piga nota hii, kwa nguvu hii, sasa iachie. Ndiyo maana wimbo mzima ni KB chache. Sauti inatengenezwa na programu, na ile iliyokuja na Windows inatumia sauti za kampuni ya Roland za miaka ya 1990, zenye MB 3 na ushee kwa ala zote.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni saundifonti, yaani faili lenye sauti zilizorekodiwa kutoka ala halisi. Chukua GeneralUser GS, ina MB 30 hivi na inabeba ala zote 128 za General MIDI, ile orodha ya kawaida ya ala zenye namba ya mwaka 1991, pamoja na ngoma. FluidR3 GM inafika MB 140 hivi. Ni nzuri, ila kwenye mashine yenye RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ya GB 2 nakushauri ubaki na ile ndogo, kwa sababu programu nyingi hupakia saundifonti nzima kwenye RAM. Programu ya kuipigia kwenye Windows ni VirtualMIDISynth. Kwenye Linux ni FluidSynth na dirisha lake la Qsynth. Zote ni za bure. Gharama yako ni bando.

Namba mbili ni MuseScore, programu ya kuandika na kusoma nota, nayo ya bure, na kwa anayefundisha sauti nne ningeiweka sawa na ya kwanza. Inakufungulia faili kama nota, unanyamazisha soprano, alto na besi, unapunguza mwendo, waimbaji wa tena (tenor) wanabaki na mstari wao peke yake mpaka waushike. Hapo angalia ala iliyochaguliwa. Mafaili mengi ya kwaya yamewekewa namba 53, ile ya waimbaji wanaoitikia "aaa". Inapendeza kusikiliza, lakini sauti yake inavimba taratibu na mwanakwaya hasikii nota imeanzia wapi. Weka piano, namba 1, au ogani ya kanisani, namba 20. Programu nyingine zinaanza kuhesabu kwenye sifuri, hivyo utaziona kama 0 na 19.

Hela halisi iende kwenye namba tatu: hedifoni au spika. Hedifoni ya kufunika masikio inashinda sabufa kwa kazi hii, maana sabufa nyingi zinazouzwa mjini zinakuza besi na kufunika sauti za kati, ambako alto na tena wanaishi. Dukani chomeka hedifoni kwenye kompyuta unayotaka kununua, zungusha jeki polepole. Upande mmoja ukikatika, iache hapo hapo. Kama ni iliyotumika, sikiliza na feni: vumbi letu la kiangazi linajaa humo, na feni inayounguruma itakusumbua mazoezi yote.

Namba nne ni RAM. GB 4 zinatosha, GB 8 ni raha, hasa ukitaka MuseScore 4, ambayo ni nzito kuliko ya 3.

Kama kanisani kuna kinanda cha Yamaha cha PSR-E chenye tundu la USB, waya mmoja unatosha: kompyuta inatuma maagizo, kinanda kinatoa sauti zake. Kukinunua kwa ajili hiyo tu ni hasara.

Kadi ya sauti ndiyo ya mwisho kabisa. Mwaka 1998 Sound Blaster Live! ilikuwa na maana, kwa kuwa chipu yake ndiyo iliyopiga saundifonti. Leo prosesa ya kawaida inaifanya kazi hiyo bila shida. Ukiambiwa kwamba kadi ya bei itaondoa ucheleweshaji wa sauti, ucheleweshaji huo unamhusu anayepiga kinanda moja kwa moja kupitia kompyuta. Anayecheza faili haumgusi.